Ndege za kivita Afrika Mashariki: Bei ya kulinda anga, kutoka Lugalo hadi Mapinga

BARABARA ya Bagamoyo, inayotoka Jiji la Dar es Salaam kuelekea kaskazini, haifahamiki kwa wengi kama njia ya kijeshi. Wanaoitumia kila siku huijua kwa foleni za Mwenge na Tegeta, kwa samaki wa Kunduchi na kwa magofu ya Kaole yaliyoko mwisho wa safari, umbali wa kilometa takriban 70 kutoka katikati ya jiji. Hata hivyo, kandokando ya barabara hiyo ipo Kambi ya Lugalo, mahali ambapo alfajiri moja ya mwaka 1964 helikopta chache za jeshi la kigeni zilibadilisha mkondo wa historia ya ulinzi wa nchi. Mbele yake, katika eneo la Mapinga wilayani Bagamoyo, kipo kituo cha mafunzo ya kijeshi ambako mwaka 2024 wanajeshi wa Tanzania, China na Msumbiji walifanya mazoezi ya pamoja ya kupambana na ugaidi.

Kati ya matukio hayo mawili ipo miaka 60 ambayo mataifa ya Afrika Mashariki yamekuwa yakinunua, yakipewa, yakipoteza na kubadilisha ndege za kijeshi. Wauzaji wamebadilika, majina ya ndege yamebadilika, na maadui waliokusudiwa nao wamebadilika. Maswali yamebaki yale yale: nani anauza, kwa masharti gani, nani atazihudumia ndege hizo baada ya sherehe za kuzipokea, na mwananchi anayezilipia anafahamu nini.

Mwambao na ndege za kwanza

Ndege za kijeshi zilifika katika mwambao huu mapema kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Waingereza walilazimika kukodi ndege ya kutua majini kutoka Afrika Kusini ili kuitafuta manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliyokuwa imejificha katika delta ya Mto Rufiji. Julai 11, 1915, ndege zilizoruka kutoka Kisiwa cha Mafia ziliwaelekeza wapiga mizinga wa meli za Severn na Mersey mahali makombora yao yalipokuwa yakianguka, na manowari hiyo ikaangamizwa.

Bagamoyo yenyewe ilitwaliwa na vikosi vya majini vya Uingereza Agosti 15, 1916, na Dar es Salaam ikafuata mapema Septemba. Somo la Rufiji lilikuwa wazi tangu wakati huo: ndege dhaifu, iliyotengenezwa kwa mbao na turubai, iliweza kuamua hatima ya meli ya chuma kwa sababu tu iliona kile ambacho wengine hawakukiona. Thamani ya ndege ya kijeshi haikupimwa kwa mabomu peke yake.

Alfajiri ya Januari 25, 1964

Kambi ya Lugalo wakati huo iliitwa Colito, kwa kumbukumbu ya mapigano ya mwaka 1941 nchini Ethiopia ambamo askari wa King's African Rifles walishiriki. Januari 20, 1964, askari wa Tanganyika Rifles waliasi, wakidai nyongeza ya mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Serikali changa ya Mwalimu Julius Nyerere haikuwa na kikosi kingine cha kuwazima.

Baada ya siku chache za mashaka, Mwalimu aliomba msaada wa Uingereza. Alfajiri ya Januari 25, helikopta kutoka manowari ya kubeba ndege, Centaur, ziliwashusha makomandoo karibu na kambi hiyo, na uasi ukamalizika asubuhi hiyo hiyo. Lilikuwa tendo lililofanikiwa kijeshi, lakini kisiasa liliacha uchungu. Nchi iliyokuwa imepata uhuru miaka miwili tu iliyopita ilikuwa imewaita wakoloni wake wa jana warudi kwa ndege zao.

Jeshi la zamani lilivunjwa. Wanajeshi wa Nigeria walikuja kushika nafasi ya Waingereza kwa muda, na Septemba 1, 1964, Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) likazaliwa. Kambi ya Colito ikapewa jina la Lugalo, mahali ambapo wapiganaji wa Mtwa Mkwawa waliliangamiza jeshi la Kijerumani mwaka 1891. Kujenga uwezo wa anga wa taifa lenyewe likawa jambo lisilokwepeka.

Bonn, Ottawa, kisha Beijing

Mfadhili wa kwanza wa kikosi cha anga alikuwa Ujerumani Magharibi, iliyoleta wakufunzi na ndege ndogo. Msaada huo haukudumu. Baada ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, Aprili 1964, lilizuka suala la uwakilishi wa Ujerumani Mashariki, ambayo tayari ilikuwa imetambuliwa na Zanzibar. Bonn haikukubali nchi yoyote itambue Ujerumani ya pili. Mapema mwaka 1965 iliwaondoa wakufunzi wake wa kijeshi ghafla, na Mwalimu akajibu kwa kuitaka ichukue na misaada yake mingine.

Tanzania ilipata fundisho ambalo mataifa mengi hulipata kwa gharama kubwa zaidi: anayekupa ndege anashika pia ufunguo wa karakana. Ndege ya kivita haifanani na gari linaloweza kutengenezwa na fundi wa mtaani. Bila vipuri, vitabu vya ufundi na wakufunzi wa mwenye kiwanda, hugeuka pambo la uwanjani.

Canada ilijaza pengo hilo kuanzia mwaka 1965 kwa mpango wa mafunzo wa miaka mitano, ikaleta ndege za uchukuzi za Otter na Caribou, zilizofaa kutua katika viwanja vifupi vya udongo. Lakini Canada haikuwa tayari kutoa ndege za mapigano. China, ambayo wakati huo huo ilikuwa ikijenga Reli ya Uhuru ya TAZARA, ilikuwa tayari. Marubani wa Kitanzania walipelekwa China, na kambi kubwa ya anga ikajengwa Ngerengere, mkoani Morogoro, magharibi mwa Chalinze, mji ambao kwa miaka mingi ulikuwa ndani ya Wilaya ya Bagamoyo. Katika miaka ya 1970 kambi hiyo ilipokea ndege za kivita za Kichina zilizotokana na MiG-17 ya Kisovieti, na baadaye zikaja F-6 na F-7, zilizotokana na MiG-19 na MiG-21.

Majina hayo yamewachanganya wasomaji wengi. F-5 ya Kichina iliyoingia Tanzania haina uhusiano wowote na F-5 ya Kimarekani iliyonunuliwa na Kenya. Ya kwanza ni nakala ya MiG-17 iliyoanza kuruka miaka ya 1950. Ya pili ni ndege ya kampuni ya Northrop, yenye injini mbili na uwezo wa kuruka kwa kasi kuliko sauti. Herufi na tarakimu zilifanana, uwezo ulitofautiana.

Kagera: mtihani wa kwanza

Uwezo huo ulijaribiwa mwishoni mwa mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera. Uganda ilikuwa na ndege za MiG-17 na MiG-21 kutoka Urusi ya Kisovieti. Ilikuwa imepoteza nyingine nyingi Julai 4, 1976, makomandoo wa Israel walipoziteketeza zikiwa zimeegeshwa Entebbe wakati wa operesheni ya kuwakomboa mateka.

Katika siku za mwanzo marubani wa Amin walijaribu kulivunja daraja la Kyaka kwa mabomu, wakashindwa. Lilivunjwa baadaye kwa baruti iliyotegwa na wataalamu. JWTZ ilitumia mizinga na makombora madogo ya kubebwa begani kuzitungua ndege za adui, na baada ya muda marubani wa Uganda walipunguza sana kuruka. Mafanikio hayo hayakukosa machungu: katika mkanganyiko wa vita, walinzi wa anga wa Tanzania walizitungua kimakosa ndege za jeshi lao wenyewe. Vita hivyo vilionyesha kwamba mawasiliano kati ya rubani, rada na mpiga mzinga yana thamani sawa na ndege yenyewe.

Mwishoni mwa Machi 1979 ndege kubwa ya Libya aina ya Tu-22, iliyotumwa kumwokoa Amin, ilikusudia kuipiga Mwanza. Mabomu yake yaliangukia hifadhi ya wanyama ya Kisiwa cha Saanane na kuua swala. Ndege hiyo ilikuwa miongoni mwa zile za kutisha za zama zake, lakini bila taarifa sahihi za shabaha haikumsaidia aliyeituma. Aprili 7 Entebbe ilitwaliwa, na siku nne baadaye Kampala ikaanguka.

Kenya: kutoka Hunter hadi F-5

Jeshi la Anga la Kenya lilianzishwa Juni 1, 1964, chini ya ulezi wa Uingereza, na kwa miaka kumi ya mwanzo zana zake zilitoka huko huko. Mwaka 1974 zilifika ndege za Hunter zilizokwishatumika. Mwaka 1976 hali ya usalama ilibadilika: Amin alitoa madai ya ardhi ya magharibi mwa Kenya, na Somalia ilikuwa imejizatiti kwa ndege za Kisovieti. Nairobi ikageukia Marekani na kuagiza ndege 12 za F-5, zilizoanza kuwasili mwaka 1978. Baadaye ziliongezwa ndege 12 za Hawk kutoka Uingereza.

Agosti 1, 1982, jeshi hilo ndilo lililokuwa kitovu cha jaribio la kuipindua Serikali ya Rais Daniel arap Moi. Jaribio liliposhindwa, kiongozi wake, Hezekiah Ochuka, alikimbilia Dar es Salaam kwa ndege ya kijeshi ya uchukuzi aina ya Buffalo. Mwaka 1983 alirejeshwa Kenya katika mabadilishano yaliyowahusu pia Watanzania waliokuwa wakitafutwa nchini mwao, na mwaka 1987 akanyongwa. Jeshi la Anga lenyewe lilivunjwa, likaundwa upya chini ya uangalizi wa jeshi la nchi kavu, na halikurejeshewa jina lake hadi mwaka 1994. Hivyo Kenya ilijifunza kwamba ndege za kivita zinaweza kuwa tishio kwa Serikali iliyozinunua.

Katika muongo wa kwanza wa karne hii Kenya iliongeza kikosi chake cha F-5 kwa ndege zilizokwishatumika Jordan, ununuzi uliozua mjadala kuhusu umri wa ndege hizo na gharama za kuzifufua. Watetezi wake walisema marubani na mafundi tayari wanaifahamu aina hiyo. Wakosoaji walisema ni kununua uzee wa mwingine. Ndege hizo zilitumika kuanzia Oktoba 2011, Kenya ilipoingia Somalia kupambana na Al-Shabaab.

Januari 2017 Serikali ya Marekani iliridhia kuiuzia Kenya ndege nyepesi 12 za mashambulizi zilizotokana na ndege za kilimo, pamoja na mbili za mafunzo, kwa gharama iliyokadiriwa kufikia dola milioni 418. Mpango huo ulipingwa na baadhi ya wabunge wa Marekani waliohoji uteuzi wa kampuni na bei, na haukutekelezwa. Kenya ilielekeza nguvu kwenye helikopta nyepesi za MD 530F, ambazo sita zilipokelewa mwaka 2020, na kwenye ndege za uchukuzi za C-27J kutoka Italia.

Uganda: mabovu ya jana, makubwa ya leo

Hakuna nchi katika ukanda huu iliyoonyesha pande zote mbili za ununuzi wa ndege kama Uganda. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilinunua kutoka Belarus helikopta za mapigano za Mi-24, ambazo zilipofika ziligundulika kuwa mbovu. Tume ya uchunguzi iliongozwa na Jaji Julia Sebutinde, ambaye mwaka 2012 alijiunga na Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Mbele ya tume hiyo mambo ya kamisheni na udalali, ambayo kwa kawaida hubaki gizani, yalitajwa hadharani.

Muongo mmoja baadaye Kampala iliruka hatua kadhaa kwa mkupuo. Iliagiza kutoka Urusi ndege sita za Su-30MK2, zilizoletwa kati ya mwaka 2011 na 2012, na kuwa mwenye ndege za kivita zenye nguvu kuliko zote ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Bei iliyotajwa, pamoja na silaha nyingine, ilikuwa dola milioni 740. Kilichowakera wananchi na wabunge wengi ni kwamba fedha hizo zilitolewa katika akiba ya nchi kabla Bunge halijaridhia. Bunge lilipoombwa kuidhinisha, maji yalikuwa yamekwishamwagika.

Agosti 12, 2012, helikopta tatu za Mi-24 za Uganda zilizokuwa zikielekea Somalia ziliangukia katika Mlima Kenya, na wanajeshi saba wakapoteza maisha. Jeshi lililokuwa limetoka kupokea ndege za kisasa kabisa lilikuwa limepoteza sehemu kubwa ya helikopta zake za mapigano katika siku moja, bila adui kufyatua risasi. Novemba 30, 2021, Uganda ilianza mashambulizi ya anga na mizinga dhidi ya kundi la ADF mashariki mwa Kongo.

Tanzania: kizazi kipya na kivuli cha rada

Kwa upande wa Tanzania, ndege za miaka ya 1970 na 1980 zilizeeka polepole. Mwaka 2013 majarida ya kimataifa ya anga yaliripoti kwamba nchi ilikuwa imepokea ndege mpya 14 za J-7 kutoka China, 12 zenye kiti kimoja na mbili za mafunzo zenye viti viwili. Zina umbo la MiG-21, lakini vifaa vyake vya ndani ni vya kisasa zaidi. Uzalishaji wa ndege za familia hiyo ulikoma mwaka huo huo wa 2013, jambo linaloifanya Tanzania kuwa miongoni mwa wateja wa mwisho wa kiwanda. Kwa mnunuzi, maana yake ni kwamba ndege ni mpya ilhali saa ya vipuri imekwishaanza kuhesabu.

Fundisho kubwa zaidi la ununuzi kwa Watanzania, hata hivyo, halikutokana na ndege bali na rada. Desemba 2001 Serikali ya Uingereza iliidhinisha kampuni ya BAE Systems kuiuzia Tanzania mfumo wa rada wa kijeshi na kiraia kwa pauni milioni 28. Wakosoaji, akiwamo Clare Short, aliyekuwa Waziri wa Maendeleo ya Kimataifa wa Uingereza, walisema bei ni kubwa mno kwa nchi iliyokuwa ikisamehewa madeni. Uchunguzi uliofanywa na ofisi ya Uingereza inayoshughulikia makosa makubwa ya ulaghai ulihitimishwa Desemba 21, 2010, mahakama ya London ilipoitoza kampuni hiyo faini ya pauni 500,000 kwa kutotunza ipasavyo kumbukumbu za malipo kwa mshauri wake. Kampuni ilikubali pia kulipa pauni milioni 29.5 kwa manufaa ya Watanzania. Fedha hizo zilielekezwa katika elimu, na sehemu yake ikanunua vitabu na madawati.

Ni nadra katika historia ya biashara ya silaha kwa fedha za namna hiyo kurudi, tena zikaishia darasani. Lakini mwanafunzi aliyekalia dawati hilo alikuwa amelisubiri kwa takriban miaka kumi.

Bei ya dukani na bei ya kweli

Wataalamu wa ulinzi hutofautisha bei ya kununua ndege na bei ya kuwa nayo. Ya pili, ikihesabiwa kwa miaka 20 au 30 ya utumishi, kwa kawaida huipita ya kwanza. Injini nyingi zenye asili ya Kisovieti za kizazi cha MiG-21 huhitaji kufumuliwa na kukarabatiwa upya baada ya saa mia chache tu za kuruka. Viti vinavyomrusha rubani nje wakati wa dharura vina baruti ambayo huisha muda wake hata kama haijatumika. Matairi, parashuti za kupunguza kasi wakati wa kutua, betri na mipira ya kuzuia uvujaji vyote vina tarehe ya mwisho.

Mwambao huongeza gharama zake. Hewa yenye chumvi na unyevu hushambulia aluminiamu, nyaya na viungo vya umeme. Ndege inayolala nje karibu na bahari huhitaji kuoshwa, kukaguliwa na kupakwa dawa mara kwa mara kuliko ile inayolala bara. Kujenga kambi ya Ngerengere mbali na pwani kulikuwa na faida za kiusalama, lakini hata mafundi wanazo sababu zao za kuipendelea hewa ya bara.

Juu ya yote yupo rubani. Kigezo kinachotajwa mara nyingi katika nchi za NATO ni saa zisizopungua 180 za kuruka kwa mwaka ili rubani wa ndege ya kivita abaki na uwezo wa kupigana. Kila saa ni mafuta, ni vipuri, ni uchakavu. Jeshi linaloshindwa kumudu saa hizo hubaki na ndege zinazopendeza katika gwaride na marubani ambao ujuzi wao unapungua kila mwezi. Ndiyo sababu ndege za mafunzo, kama K-8 za Kichina, zina umuhimu usiolingana na umbo lake dogo.

Ng'ambo ya bahari, Oman, ambayo watawala wake waliwahi kuiendesha pwani hii kutoka Zanzibar, inaonyesha kiwango cha fedha kinachohitajika kwa anayetaka zana za kiwango cha juu. Mwaka 2002 iliagiza ndege 12 za F-16 kutoka Marekani. Desemba 2012 iliagiza ndege 12 za Typhoon na nane za Hawk kutoka Uingereza kwa mkataba wa pauni bilioni 2.5, ukijumuisha huduma za matengenezo. Ni fedha za mafuta ya petroli, na mataifa ya Afrika Mashariki yasiyo nazo hulazimika kuchagua.

Kinachookoa maisha

Uchaguzi huo unakuwa mgumu zaidi kwa sababu vita vya sasa vya ukanda huu si vya ndege dhidi ya ndege. Mapigano ya mwaka 1999 kati ya Su-27 za Ethiopia na MiG-29 za Eritrea ni miongoni mwa machache ya aina hiyo barani Afrika. Adui wa leo hujificha msituni au kijijini, na anayemkabili huhitaji kuona, kufika haraka na kuwaondoa majeruhi.

Desemba 7, 2017, wanajeshi wa kulinda amani wa Tanzania wasiopungua 14 waliuawa katika shambulio dhidi ya kambi yao ya Semuliki, Kivu Kaskazini. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulitaja upungufu wa mafunzo, udhaifu wa uongozi na wa mipango ya kupeleka nguvu za ziada, na ukosefu wa nyenzo muhimu kama vile usafiri wa anga. Kikosi hicho kilikuwa chini ya Umoja wa Mataifa na si JWTZ peke yake iliyopaswa kukipatia helikopta. Hata hivyo, familia zilizopokea majeneza Dar es Salaam na Zanzibar zilipata jibu chungu kwa swali la ndege ipi ina thamani zaidi kwa askari aliyezingirwa usiku.

Helikopta nazo zina hatari zake. Aprili 18, 2024, Mkuu wa Majeshi ya Kenya, Jenerali Francis Ogolla, aliyekuwa rubani na kamanda wa zamani wa Jeshi la Anga, alifariki dunia pamoja na wenzake tisa baada ya helikopta ya Huey waliyokuwamo kuanguka huko Elgeyo Marakwet. Msiba huo uliamsha upya mjadala wa umri na matunzo ya ndege za kijeshi nchini humo.

Mapinga na anga lisilo na rubani

Wakati huo huo ndege zisizo na rubani zimebadilisha hesabu. Ethiopia ilizitumia katika vita vya Tigray, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikapokea za Kichina aina ya CH-4 mwaka 2023. Gharama yake ni sehemu ndogo ya bei ya ndege ya kivita, huweza kukaa angani kwa saa nyingi, na zinapoanguka hakuna mjane anayeachwa. Lakini zimeleta pia vifo vya raia pale taarifa za shabaha zilipokuwa na kasoro, kosa lile lile la Saanane, safari hii juu ya watu.

Kituo cha Mapinga, kilichojengwa kwa msaada wa China na kuzinduliwa mwaka 2018, kipo katikati ya mabadiliko hayo. Mazoezi ya Amani Umoja, yaliyofanyika kuanzia mwishoni mwa Julai hadi Agosti 2024, yalihusu mbinu za kupambana na ugaidi, huku manowari za China Wuzhishan na Hefei zikitia nanga Dar es Salaam. Ushiriki wa Msumbiji ulikuwa na maana ya pekee. Bagamoyo iliwahi kuwa na shule ya sekondari ya FRELIMO wakati wa vita vya ukombozi; sasa wanajeshi wa nchi hiyo walirudi wilayani humo kujifunza namna ya kuwakabili waasi wa Cabo Delgado, mkoa unaopakana na Mtwara.

Mshirika huyo wa China ni wa zaidi ya nusu karne, muda mrefu kuliko Bonn na Ottawa zikiunganishwa. Uthabiti huo una faida: marubani, mafundi na karakana vimezoea mfumo mmoja. Una hatari pia, ile ile iliyoonekana mwaka 1965, ya kumtegemea mwenye ufunguo mmoja.

Katika nchi zote zilizotajwa, uzoefu unaonyesha kwamba ununuzi ulioleta majuto haukuwa ule wa ndege dhaifu tu. Ulikuwa ule uliofanywa kwa siri iliyozidi mahitaji ya usalama, wenye madalali katikati, na usio na mpango wa vipuri na mafunzo. Idadi ya makombora na mipaka ya rada vinaweza kubaki siri halali ya jeshi. Bei, masharti ya mkopo na jina la aliyelipwa kamisheni ni mambo ambayo kamati za Bunge na wakaguzi wa hesabu wanaweza kuyahoji bila adui kunufaika. Uganda iliyachunguza baada ya helikopta kufika zikiwa mbovu, na Tanzania ilipata majibu ya rada kupitia mahakama ya London. Mahali pa kuyahoji ni mezani, kabla mkataba haujatiwa saini.